Mgawo wa Moduli katika Laha-Mitindo za XSLT: Mfano wa Matangazo ya Kiswahili ya Uwanja wa Ndege wa Mombasa

Utangulizi

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi hauko kisiwani Mombasa, bali uko bara, upande wa Changamwe na Port Reitz. Ulianza kutumika enzi za Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1979 ukapanuliwa na kupata hadhi ya kimataifa. Msafiri atokaye Likoni au Kisauni aghalabu hulazimika kupita kisiwani na kuvuka Makupa kabla ya kuufikia. Baada ya safari hiyo yote, jambo analolihitaji ni dogo: aambiwe kwa lugha anayoielewa ndege yake itaondoka saa ngapi, na aelekee lango lipi.

Siku hizi sentensi za namna hiyo mara nyingi haziandikwi na mtu mmoja mmoja. Huundwa na programu inayochukua taarifa za safari na kuzivisha maneno. Ikiwa programu imeundwa vibaya, msafiri anaweza kuambiwa “saa saba usiku” mahali palipokusudiwa saa moja, akaja baada ya saa sita na kukuta ndege yake imekwisha kuruka.

Makala haya yanaeleza mtindo wa kuandika programu kwa moduli katika lugha ya XSLT, na kuutazama kwa jicho la mwanafunzi wa Kiswahili. Mfano unaotumika ni wa kubuni, wa matangazo ya uwanja huo wa Mombasa. Hoja kuu ni kwamba kuigawa programu katika vipande si ufundi wa kompyuta peke yake. Vipande vikikatwa kwa kufuata viungo vya Kiingereza, Kiswahili kitatoka kimevunjika. Vikikatwa kwa kufuata viungo vya Kiswahili chenyewe, kazi itakuwa nyepesi na lugha itabaki salama.

XSLT ni nini?

XML ni utaratibu wa kuandika data kwa kutumia lebo zinazotaja kila kitu ni nini. Shirika la W3C liliuidhinisha mwaka 1998. Katika hati ya XML ya safari za ndege, namba ya safari huwekwa ndani ya lebo yake, saa ndani ya lebo yake, na mji wa mwisho vivyo hivyo. Hati hiyo haisemi taarifa zitaonekanaje kwenye skrini wala zitatamkwaje. Sekta ya usafiri wa anga imeufuata utaratibu huu kwa mapana. Kwa mfano, taarifa za hali ya hewa za viwanja vya ndege zina umbo la XML liitwalo IWXXM, ambalo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lililifanya kuwa kiwango cha mabadilishano ya kimataifa kuanzia Novemba 2020.

XSLT ndiyo lugha ya kuigeuza hati kama hiyo iwe kitu kingine: ukurasa, orodha, au sentensi. Toleo la 1.0, lililohaririwa na James Clark, lilitoka Novemba 1999. Toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2007 na la 3.0 mwaka 2017, yote mawili yakihaririwa na Michael Kay. Programu iliyoandikwa kwa lugha hii huitwa laha-mitindo, na ndani yake mna violezo. Kila kiolezo hutaja aina ya kitu kinachoshughulikia, kisha hueleza kitu hicho kigeuzwe vipi.

Zipo njia mbili za kuiandika laha-mitindo. Katika njia ya kwanza, mwandishi huandika kiolezo kimoja kirefu kinachoamrisha kila hatua: chukua saa, iweke hapa; chukua mji, uweke pale; rudia kwa kila safari. Katika njia ya pili, mwandishi huandika violezo vingi vifupi, kisha huamuru data ipite na kila kipande kitafute kiolezo kinachokihusu. Njia ya kwanza huanza kwa wepesi na kuishia katika msongamano. Njia ya pili ndiyo msingi wa mtindo wa moduli.

Kigezo cha kugawa

Violezo vikiwa vingi, huwekwa katika mafaili mbalimbali. XSLT inazo amri mbili za kuyaunganisha. Amri ya xsl:include hulijumuisha faili jingine kana kwamba limeandikwa papo hapo, kwa uzito uleule. Amri ya xsl:import nayo huliingiza faili jingine kwa uzito mdogo: violezo viwili vikigongana, kile cha faili linaloingiza hukishinda kile cha faili lililoingizwa. Tofauti hii ndogo ina manufaa makubwa, kama itakavyoonekana baadaye.

Hata hivyo, amri hizo hazisemi pa kukata ni wapi. Swali hilo lilijibiwa kabla XSLT haijazaliwa. Mwaka 1972, David Parnas alichapisha katika jarida la Communications of the ACM makala kuhusu vigezo vya kugawa mifumo katika moduli. Alipinga desturi ya kugawa programu kwa kufuata mpangilio wa hatua za kazi. Alipendekeza kwamba kila moduli ifiche uamuzi mmoja mgumu au unaoelekea kubadilika, ili ukibadilika, moduli hiyo pekee iguswe.

Mwanafunzi wa ushairi hatalishangaa wazo hili. Kibwagizo cha shairi hutungwa mara moja, kisha hurejelewa mwishoni mwa kila ubeti. Mshairi akikibadilisha, mashairi yote yatakayoimbwa kwa kibwagizo hicho hubadilika. Lakini ushairi unafundisha jambo la pili pia: mshororo hukatwa kati ya ukwapi na utao mahali ambapo neno limekamilika. Hakuna mshairi anayekata katikati ya neno kwa sababu tu hesabu ya mizani imetimia.

Tangazo lililokatwa Kiingereza

Tuchukue laha-mitindo iliyoandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha ikatakiwa kutafsiriwa. Kwa Kiingereza, tangazo la kuchelewa lina vipande viwili: jina la kitu, na maneno yanayosema kwamba kitu hicho kimechelewa. Maneno hayo hayabadiliki kitu kikiwa ndege moja, basi moja au mzigo mmoja. Mwandishi huyaweka katika kiolezo kimoja, na kwake kazi imekwisha.

Mfasiri akipewa kipande hicho peke yake, bila jina linalotangulia, hana jibu sahihi. Ndege imechelewa, basi limechelewa, mzigo umechelewa, abiria amechelewa, chombo kimechelewa. Kitu kimoja kwa Kiingereza kimekuwa vitano kwa Kiswahili, na bado wingi haujatajwa: ndege zimechelewa, mabasi yamechelewa, mizigo imechelewa, abiria wamechelewa, vyombo vimechelewa. Mfasiri aliyeshurutishwa kuchagua kimoja atachagua “imechelewa”, kwa kuwa ndege ndiyo iliyo akilini mwake. Siku programu itakapotangaza mabasi ya kuwapeleka abiria mjini, Mombasa nzima itasikia “mabasi imechelewa”.

Kosa hapa si la mfasiri. Kisu kimepita katikati ya upatanisho wa kisarufi, mahali ambapo Kiswahili hakina kiungo cha kukatika.

Dawa ya kwanza inayowajia wengi ni kuandika kila sentensi nzima. Dawa hiyo ni salama lakini ni ghali. Kukiwa na majina 6, kila moja katika umoja na wingi, na matukio 8 kama kuchelewa, kuwasili, kuondoka na kufutwa, sentensi zitakuwa 96. Tukio moja jipya likiongezwa, zitahitajika sentensi 12 zaidi.

Dawa ya pili ni kukata upya. Moduli ya kwanza ni ya msamiati: kila jina huandikwa pamoja na umoja wake, wingi wake na kiambishi cha upatanisho cha kila hali. Moduli ya pili ni ya vitenzi: huwa na shina tupu kama chelewa, wasili na fungwa. Moduli ya tatu ni ya upatanisho: hupokea kiambishi kutoka kwa jina, huongeza kiambishi cha njeo, kisha huunganisha shina. Kiambishi “li”, njeo “me” na shina “fungwa” hutoa “limefungwa”, na lango limefungwa. Tukio jipya likija, shina moja tu huongezwa.

Kuna mambo matatu ya kuzingatiwa katika mgawo huu.

Kwanza, ngeli isikisiwe na programu kutokana na umbo la neno. Iandikwe katika data. Neno ndege lina umbo lilelile katika umoja na wingi. Zaidi ya hayo, ndege ya abiria imechelewa, lakini ndege mwenye mbawa amechelewa. Herufi ni zilezile, ila maana ndiyo inayoamua. Neno uwanja nalo hupatanishwa kwa “u” katika umoja, na wingi wake viwanja hupatanishwa kwa “vi”. Kompyuta haiwezi kulijua hilo isipokuwa imeambiwa.

Pili, tofauti za vitenzi zikae katika moduli ya vitenzi. Kitenzi cha silabi moja kama -ja huhitaji “ku” katika baadhi ya njeo: ndege imekuja, si “imeja”. Katika ukanushi “ku” hiyo hutoweka: ndege haijaja. Hali kadhalika, “ha” ya ukanushi ikikutana na “a” ya nafsi, irabu mbili huwa moja: abiria hajawasili. Kanuni hizi zikitawanywa katika kila tangazo, hakuna atakayezikumbuka zote. Zikiwa mahali pamoja, zitasahihishwa mara moja.

Tatu, idadi iwe na moduli yake. Abiria wawili, mizigo miwili, malango mawili, ndege mbili. Lakini sita, saba, tisa na kumi hazipatanishwi. Katika idadi kubwa, tarakimu ya mwisho ndiyo inayopatanishwa: abiria ishirini na wawili, dakika ishirini na mbili. Na panapotajwa namba ya kitu badala ya idadi yake, upatanisho hauhitajiki: lango namba mbili. Kwa hiyo kiolezo cha lango na kiolezo cha abiria hutumia tarakimu ileile kwa njia tofauti, na data ni lazima iseme ipi ni namba ya utambulisho na ipi ni hesabu.

Saa tatu za uwanja mmoja

Hatari kubwa zaidi imo katika saa. Uwanja wa ndege wa Mombasa unaishi kwa saa tatu kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni saa ya dunia, UTC, inayotumika katika taarifa za anga. Ya pili ni saa ya Afrika Mashariki, iliyo mbele ya ile ya kwanza kwa saa 3. Ya tatu ni saa ya Kiswahili, inayohesabiwa tangu mapambazuko na machweo, na kutofautiana na ya pili kwa saa 6.

Tuchukue ndege inayoondoka saa 16:00 kwa UTC. Kwa saa ya Afrika Mashariki ni 19:00, na kwa Kiswahili ni saa moja usiku. Mfasiri wa neno kwa neno akiiona saba ya Kiingereza na kuandika “saa saba usiku”, amelipeleka tangazo hadi 01:00. Msafiri hawezi kuligundua kosa hilo, kwa maana sentensi yenyewe ni fasaha kabisa.

Mwandishi wa programu mwenye haraka atagundua kwamba kutoka 16 hadi 1 kuna njia ya mkato. Ongeza 3, punguza 6. Jumla yake ni kupunguza 3. 16 ukitoa 3 ni 13, na 13 ukitoa 12 ni 1. Hesabu moja inatosha, na kwa Mombasa itatoa jibu sahihi kila siku.

Ila hesabu hiyo imefunga mambo mawili tofauti katika fundo moja. Saa 3 ni jambo la nchi: ni uamuzi wa kiserikali kuhusu majira ya saa. Saa 6 ni jambo la lugha: ni desturi ya wasemaji, na husafiri nao. Oman, ambako wako wasemaji wengi wa Kiswahili, iko mbele ya UTC kwa saa 4. Tangazo la Kiswahili la ndege inayotua Muscat saa 16:00 kwa UTC lingepaswa kusema saa mbili usiku. Hesabu ya mkato itasema saa moja, na mwenyeji anayempokea mgeni atafika saa nzima kabla ya wakati.

Mtindo wa moduli unataka violezo viwili. Cha kwanza hupokea saa ya UTC pamoja na jina la mahali, na kutoa saa ya mahali hapo. Cha pili hupokea saa ya mahali, kuanzia 0 hadi 23, na kutoa saa ya Kiswahili: ongeza 5, gawanya kwa 12, chukua baki, ongeza 1. 19 inatoa 1. 14 inatoa 8. 6 inatoa 12. 0 inatoa 6. Kiolezo hiki cha pili hakihitaji kujua kama kiko Changamwe au Muscat.

Kiolezo cha tatu huchagua neno la kipindi: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Mipaka ya maneno haya huamuliwa na desturi, si na hesabu, na ndiyo sababu yafaa kukaa pekee ambapo mhariri wa lugha anaweza kuirekebisha. Kwa wazee wengi wa pwani, usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza jua la Alhamisi likitua. Kwa mtu mwingine, usiku huohuo ni wa Alhamisi. Kiolezo cha siku kinaweza kuuondoa utata kwa kuandika “usiku wa kuamkia Ijumaa”, maneno ambayo pande zote mbili huyaelewa kwa namna moja. Uamuzi huo wa kilugha ukiandikwa katika faili moja, utafuatwa na matangazo yote.

Neno la mahali

Hapa ndipo amri ya xsl:import inapoonyesha faida yake. Tuseme imeandikwa laha-mitindo ya jumla inayoweza kutumiwa na viwanja vyote vya Afrika Mashariki. Mahali pamoja wanapendelea kusema uwanja wa ndege, pengine kiwanja cha ndege. Mmoja husema lango, mwingine geti. Si lazima kuinakili laha nzima ili kubadilisha neno moja. Faili dogo la mahali huiingiza laha ya jumla, kisha huandika upya ingizo la neno hilo pekee. Kwa kuwa faili linaloingiza lina uzito zaidi, neno la mahali hushinda, na mengine yote hubaki yalivyo.

Lakini ushindi huo ni kamili pale tu upatanisho ulipotengwa. “Uwanja umefungwa” ukibadilishwa jina tu, utapata “kiwanja umefungwa”. Moduli ya msamiati ikiwa imebeba kiambishi pamoja na jina, “kiwanja” huja na “ki” yake, na sentensi hutoka “kiwanja kimefungwa” bila mtu kugusa kitenzi. Huu ndio mtihani rahisi wa mgawo mzuri: badilisha neno moja, uone ni mafaili mangapi yanayolazimika kufuata.

Mipaka ya mtindo huu

Isidhaniwe kwamba kugawa zaidi ni bora daima. Msomaji wa programu yenye mafaili kumi na tano hulazimika kuyafungua mengi ili kuelewa sentensi moja. Uzito wa xsl:import nao unaweza kukificha kiolezo kinachofanya kazi, na mrekebishaji akapoteza saa nyingi akisahihisha kile kilichokwisha kushindwa. Majina ya wazi ya mafaili na maelezo mafupi mwanzoni mwa kila faili hupunguza taabu hiyo.

Aidha, viungo vya maandishi si lazima viwe viungo vya sauti. Kwenye skrini, “i”, “me” na “chelewa” huungana bila kovu. Katika sauti iliyorekodiwa vipande vipande, hali ni tofauti. Mkazo wa neno la Kiswahili kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sauti ya neno zima hupanda na kushuka kuufuata. Viambishi vilivyorekodiwa pekee na kubandikwa kwenye shina vitasikika kama maneno matatu. Kwa matangazo ya sauti, yafaa kitenzi kizima kirekodiwe: imechelewa, limechelewa, zimechelewa. Kanuni ni ileile ingawa jibu ni tofauti: kata pale ambapo lugha yenyewe ina kiungo, kwa kadiri ya chombo kinachoibeba.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo hutimizwa au hukosekana katika sentensi ndogo ndogo ambazo raia huzikuta kila siku, zikiwamo zile zinazoundwa na mashine. Kiswahili kikiingizwa mwishoni, kama tafsiri ya vipande vilivyokwisha kukatwa kwa kisu cha lugha nyingine, kitaonekana lugha ngumu isiyofaa kompyuta, ilhali ugumu umo katika ule mkato.

Makala yameonyesha kwamba ngeli, njeo, idadi na saa za Kiswahili zina utaratibu unaoweza kuandikwa katika moduli chache zilizo wazi. Kuzitambua moduli hizo ni kazi inayomhitaji mwanaisimu na mwandishi wa programu wakae meza moja tangu siku ya kwanza, kabla ya kiolezo cha kwanza kuandikwa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayejua kwa nini ndege huchelewa kwa “i” na lango hufungwa kwa “li” tayari ana maarifa ambayo kazi hiyo haiwezi kukamilika bila hayo. Msafiri aliyevuka feri na Makupa hana haja ya kuijua XSLT. Anachohitaji ni kuambiwa “saa moja usiku”, na iwe kweli ni saa moja.